Bi Zamda Hatoki Bwawani

Tabora, 3 Juni 2024

Binamu Mabruki,

Mama yako ameingia ndani ya bwawa la kuogelea la marehemu Ratilal leo saa mbili asubuhi na amekataa kutoka. Taarifa imetolewa na Kruti, mjukuu wa Ratilal, aliyenipigia simu nikiwa bado nakunywa chai. Nimekwenda, nimeona, nathibitisha. Bwawa halina maji, kwa hiyo unaweza kuendelea kupumua.

Sasa salamu. Sisi wazima. Baba yangu, mjomba wako Adinani, anakusalimu na anauliza kama huko Muscat mmepigwa marufuku kupiga simu. Goti lake linasumbua ila mdomo ni mzima. Binti yangu Najiat amehamishiwa Sikonge kikazi na ametuletea dumu la asali ya Ipole. Nusu yake ni yako, au tuseme ilikuwa yako. Mama yako hajambo, kwa kiwango anachoniruhusu kusema. Ningekupigia, lakini simu yako inaita mpaka inachoka, na siku ukipokea kamera huwa mbovu. Barua haina kamera.

Jambo lenyewe ni hili. Kruti amerudi kutoka Dar kukaa na bibi yake, Maniben, na anataka kugeuza ile nyumba kuwa ya wageni. Bwawa limekaa kavu tangu Ratilal afariki. Maniben alikuwa anaanikia pilipili humo. Kruti amemleta fundi Gerson kutoka Igunga abandue plasta yote ya zamani na kupiga mpya kabla ya mvua. Gerson amegonga kuta kwa siku kadhaa bila tatizo. Leo amefika kwenye ngazi za upande wa kina kifupi. Unajua kuna nini pale. Ni ule mguu wako wa kushoto, uliokanyaga plasta mbichi ulipokuwa kibarua wa Ratilal, naye akacheka akakataza usifutwe. Kidole cha mwisho kimempanda mwenzake, hakuna anayeweza kuukana.

Mama yako anakaa ukuta wa pili na alisikia nyundo. Alipofika alishuka akaukalia mguu.

"Shikamoo bibi," Kruti akamwambia. "Tunaomba utoke, fundi afanye kazi."

"Marahaba mwanangu. Mimi ni mtani. Mtani akiingia shimoni hatoki mpaka akombolewe."

"Bibi, hiyo ni ya msibani. Mtani anajilaza kaburini wafiwa wampe chochote. Hili si kaburi."

"Shimo ni shimo."

"Na sisi si watani wenu. Sisi Wahindi."

Mama yako akamuuliza: "Babu wa babu yako alifikaje Tabora? Kwa ndege?"

"Kwa miguu, nasikia. Na msafara, kutoka Bagamoyo."

"Mzigo wake alibeba nani?"

Kruti akamgeukia Gerson.

"Aliyebebewa mzigo na Mnyamwezi njia nzima ile ni mtani wa Mnyamwezi. Nenda kamuulize bibi yako."

Maniben aliulizwa. Alisema ni kweli.

Wamemletea kilo ya sukari na doti ya kanga. Kanga amezipokea, lakini kutoka hakutoka. Nikamuuliza rasmi anataka nini. Akajibu, nami namnukuu: "Namtaka mwenye mguu."

Jua lilipozama alikwenda kwake kulala, akaacha kanga yake juu ya ngazi imshikie nafasi. Gerson hakuigusa. Anasema ana watoto wadogo.

Tangu uondoke mwaka 2009 hujaja. Mazishi ya baba yako hukuja. Sikuulizi sababu. Naripoti tu kwamba madai yamewasilishwa na mlengwa ni wewe.

Binamu yako,
Tunu


Muscat, 27 Juni 2024

Kwako Tunu, mke niliyeponea chupuchupu,

Salamu nyingi kwako, kwa mjomba Adinani na goti lake, kwa Najiat, na zaidi kwa mama. Mimi mzima. Huku jua linataka kutumaliza. Ukitema mate hayafiki chini. Serikali imekataza kazi za nje mchana kwa miezi hii, kwa hiyo tunaanza alfajiri na taa, tunaingia ndani, tunatoka tena jioni. Mabwawa yangu ni mengi. Wiki hii nina moja la tajiri mmoja huko Qurum, lina sakafu ya marumaru ya kusagwa, ukiliona utadhani maziwa.

Nimesoma habari ya mama nikacheka mpaka wenzangu wakaja kuangalia. Mwambie atoke. Ule si mguu, ni kosa la kazi. Leo kibarua wangu akiacha alama kama ile namfukuza kabla haijakauka.

Mwambie pia Kruti afanye kazi kama inavyotakiwa, kwa sababu Tabora mwezi wa tisa na wa kumi hamna tofauti kubwa na huku. Plasta ya bwawa haipigwi na jua kali. Ianzwe alfajiri na kumalizwa kabla jua halijapanda. Bwawa zima lifunikwe turubai. Atumie saruji nyeupe na unga wa marumaru, si mchanga wa mtoni. Na lipigwe lote kwa siku moja, kuta, sakafu na ngazi, kisha maji yaingie mara moja bila kukatika mpaka lijae. Maji yakisimama katikati yanaacha mstari usiotoka maisha. Bomba la mjini asiliamini, aagize maboza ya maji yapange foleni. Na asikubali viraka. Narudia: bwawa halipigwi viraka.

Kuhusu kuja, mwaka huu haiwezekani. Mwakani mambo yakikaa sawa. Kuna nyumba ninaimalizia huku, nikitoka mafundi wataiba kila kitu.

Nimempa Hilari, yule dereva wa Kitete niliye naye huku, chupa ya manukato ya mama. Anakuja likizo mwezi ujao.

Kamera ni mbovu kweli.

Mabruki


Tabora, 20 Julai 2024

Binamu Mabruki,

Idadi ya wanawake waliomo bwawani imefikia wawili. Maniben ameshuka. Kruti, ambaye ndiye chanzo cha habari hii, aliitoa akiwa ameshika kichwa.

Wote tunakusalimu. Baba amepata dawa ya goti kwa mganga wa Tura, mchanganyiko unaonuka hivi kwamba tumeacha kumtembelea, naye anasema imefanya kazi. Najiat hajambo. Hilari amefika salama, manukato yamefika, na tumekaa naye mazungumzo marefu.

Maniben alisema hawezi kumwachia jirani yake akae shimoni peke yake kama mhalifu. Alishushiwa kiti cha plastiki, akaagiza cha pili, halafu mwavuli, halafu birika. Sasa wanakaa humo toka asubuhi. Wanachambua mchele na watu. Jana nilikuta wanamchambua Kruti, kwa nini hajaolewa, na Kruti amesimama ukingoni anawasikia.

"Bibi, mimi nipo hapa."

"Tunajua," Maniben akamjibu. "Ndiyo maana tunasema taratibu."

Mama yako hukaa na kiganja juu ya mguu wako. Hupitisha kidole kwenye kila kidole, akifika kile kilichopanda mwenzake hucheka. Barua yako alitaka kuishika kwanza. Aliishika kichwa chini miguu juu, akaikazia macho, akasema mwandiko wako umeharibika. Chai amejimiminia pembeni ya kikombe mara mbili. Gerson alipopita, mama yako alimwita "Kruti", na Gerson ana ndevu. Naandika nilichokiona. Tafsiri fanya mwenyewe.

Maelekezo yako ya plasta yamefika. Nimeyahifadhi.

Gerson amechoka kusubiri. Ameamua kupiga plasta kuzunguka wanawake hao na kuacha ngazi kama zilivyo. Aliniuliza saa gani inafaa kuanza. Nikamwambia mimi ni mwandishi wa habari, si fundi. Alianza Jumanne saa sita mchana, ukuta wa mashariki, bila turubai, kwa saruji ya kawaida na mchanga wa mtoni. Anasema ndivyo walivyopiga maghala ya mpunga kule Igunga na hakuna gunia lililolalamika. Asubuhi iliyofuata ukuta ulikuwa na nyufa ndogondogo kila mahali, kama kisigino cha mtu asiyepaka mafuta. Akazifuta kwa maji ya saruji. Zikarudi. Kesho anaendelea na kiraka cha pili.

Tunu


Muscat, 9 Agosti 2024

Tunu,

Salamu kwa wote, sina muda.

Uliyahifadhi? Nimekuandikia kurasa mbili jinsi bwawa linavyopigwa, wewe umeyahifadhi? Wapi, kwenye dumu la asali?

Saa sita mchana! Kiangazi Tabora! Bila turubai! Huyo Gerson mwambie bwawa si ghala. Mpunga hauogelei. Zile nyufa hazifutwi kwa maji ya saruji. Huko ni kumpaka poda mtu mwenye surua. Ukuta wote huo ubanduliwe. Wote! Na akiacha ngazi halafu azipige baadaye, plasta mpya na ya zamani hazishikani. Maji yatapita kwenye kiungo, mwaka wa pili ngazi zinatoka kama meno ya mzee. Mchanga wa mtoni una udongo, utageuka kijani, Kruti atafuga vyura. Nimeota kile kiraka. Nakuapia, nimekiona usingizini kinaniangalia.

Na wewe ulikuwa umesimama pale, unaandika.

Lile bwawa nililipiga mimi na marehemu fundi Alois tukiwa na miiko miwili na turubai la kuazima. Limekaa miaka hiyo yote na halikupasuka hata unywele. Watu wa Tabora wakija kuogelea waone nyufa, watasema nani? Hawatasema Gerson. Watasema Mabruki, kwa sababu mguu wake uko pale.

Hilari aliwaambia nini?

Nakuuliza swali moja na unijibu kama binamu, siyo kama gazeti. Mama anaona?

M.


Tabora, 28 Agosti 2024

Binamu Mabruki,

Mama yako amenikataza kuandika kuhusu macho yake. Kwa hiyo siandiki kuhusu macho yake. Kauli hiyo aliitoa Jumapili, mbele ya Maniben, akiwa amenigeukia upande nisiokuwepo.

Tuko salama. Baba anatembea mpaka msikitini bila fimbo na amekuwa mjeuri. Najiat amekuja na asali nyingine. Safari hii nimeificha.

Nitaandika kuhusu ratiba, maana hiyo sikukatazwa. Madaktari bingwa wanakuja Tabora mwezi wa kumi, kambi ya siku chache. Wanatoa mtoto wa jicho. Anayetolewa Jumatatu hufunguliwa bandeji Jumanne. Jina la mama yako, Bi Zamda, lipo kwao, niliandikisha mimi. Yeye amesema hataenda. Nilimuuliza kwa nini, na jibu lake ni hili neno kwa neno:

"Niende nikafunguliwe bandeji, cha kwanza nione uso wako wewe Tunu? Bora nikae gizani."

"Shangazi, uso wangu una kasoro gani?"

"Hauna kasoro. Nimeuona sana."

Akiikosa kambi hii, wanasema nyingine haijulikani lini, na jicho la kulia halitasubiri. Hilo nimeambiwa na muuguzi, si na shangazi, kwa hiyo sijavunja agizo.

Umeuliza Hilari alisema nini. Alisema unalala chumba cha watu sita huko Ruwi, kitanda cha juu, na kwamba wewe ndiye unayewaamsha wenzako alfajiri kwenda kazini kwa mwenye kampuni. Alisema nyumba unayoimalizia ni ya mwenye kampuni. Alisema pia wewe ndiye fundi wanayemwita wakishindwa wengine, hilo alilisema mara tatu. Alikuwa anakula kwa mama yako wakati anasema. Hakuna aliyeangusha kijiko. Mama yako aliuliza swali moja tu: "Kitanda cha juu? Na anavyogaragara vile, hajaanguka?"

Hiyo ndiyo nyumba ambayo kamera yako mbovu haikuweza kutuonyesha. Sasa tunaijua, kwa hiyo usijisumbue kuipaka rangi.

Kuhusu ukuta: umeshabanduliwa. Ulikuwa wa kukujaribu wewe, na Kruti alijua tangu mwanzo. Ukiuliza wazo lilitoka kwa nani, mimi vyanzo vyangu sivitaji, hata mbele ya hakimu. Gerson amekasirika. Anasema amefanywa mjinga na wanawake wanne, kisha akakubali kikombe cha chai na kushuka bwawani kukinywa. Anasubiri fundi wa Muscat. Kruti anasubiri mpaka katikati ya mwezi wa kumi, baada ya hapo mvua.

Nilimshauri mama yako Gerson aikate ile ngazi nzima kwa mashine, aende nayo nyumbani. Akaniuliza kama niliwahi kuona mtani anakombolewa kwa kipande cha kaburi.

Tunu


Muscat, 14 Septemba 2024

Binamu Tunu,

Salamu kwenu nyote. Mimi mzima, sijawahi kuanguka kitandani, mwambie.

Barua yako nilikaa nayo siku kadhaa. Kuna mambo niliandika nikayachana. Sitayaandika tena. Baba alipofariki nilikuwa na sababu, na wewe uliwahi kusema kwamba sababu huwa hazichapishwi ukurasa wa mbele.

Nimeomba likizo. Mwenye kampuni alisema tuna bwawa la mkubwa fulani mwezi wa kumi. Nikamwambia mimi pia.

Tiketi nimekata. Nafika Dar tarehe 9 Oktoba, napanda treni, nitakuwa kwenu Ijumaa tarehe 11 asubuhi, reli ikipenda.

Gerson abandue kila kilichobaki, agonge kuta zote kwa nyundo ndogo, panapolia kama debe tupu abandue tena mpaka ukuta ujibu mzito. Asafishe kwa maji. Mashimo ayazibe sasa ili yakauke. Turubai lifungwe juu siku mbili kabla. Unga wa marumaru nakuja nao, utakuwa mzigo wangu mkubwa kuliko nguo. Maboza yawe tayari. Ngazi ile asiiguse mtu. Nitaibandua mwenyewe.

Mama umwambie nini, sijui. Mwambie lolote. Lakini muulize: nikifika, anatoka? Maana nisije nikaja mpaka huko akaongeza masharti.

Mabruki


Tabora, 29 Septemba 2024

Binamu Mabruki,

Bi Zamda atatoka bwawani siku utakayofika. Ametamka mwenyewe leo mchana, shahidi Maniben. Ameongeza sharti moja, kama ulivyohofia.

Barua hii anaibeba Hilari, likizo yake imeisha, kwa hiyo itakuwahi. Baba anakusalimu. Anasema usilete manukato, ulete dawa ya goti, yule mganga wa Tura amehama. Najiat atakuwepo. Ile asali niliyoificha imegunduliwa na baba, njoo haraka.

Nilimsomea mama yako barua yako yote. Aliposikia ngazi utaibandua mwenyewe, aliweka kiganja juu ya mguu. Maniben akamshika mkono, halafu akauachia maana chai ilikuwa inamwagika.

"Mguu utabanduliwa, shangazi," nikamwambia. "Umekubali?"

"Ule ni mguu wa kijana," akasema. "Nimeukalia miezi minne, nimeuchoka. Plasta mpya ikiwa mbichi akanyage tena palepale. Nataka nijue amezeeka kiasi gani."

"Yeye anasema ule ulikuwa kosa la kazi."

"Mwambie alirudie."

Kruti amekubali. Gerson amekubali kwa masharti, kwamba na yeye aache mguu wake, chini kabisa ya kina kirefu ambako hautaonekana. Anasema kwenye maghala hakuna aliyewahi kumwomba.

Mama yako pia amekubali kwenda kwa madaktari. Hakusema ndiyo. Alisema nimtafutie kanga yake ile isiyochuja. Nikachukulia kuwa ni ndiyo.

Ratiba iliyothibitishwa na pande zote ni hii. Treni ikisimama Tura utapiga simu, na safari hii utawasha kamera, baba anataka kukuona. Toka Tura mpaka Tabora ni muda wa kutosha kuivisha wali. Ijumaa tarehe 11 unaingia shimoni kumtoa mama yako. Kwa desturi utamshika mkono na hutasema neno, kwa hiyo jiandae kunyamaza. Jumamosi alfajiri mnapiga plasta, unakanyaga, maboza yanamimina mpaka lijae. Jumapili mnaangalia maji. Jumatatu tarehe 14, saa moja na nusu asubuhi, tunampeleka.

Bandeji inafunguliwa Jumanne tarehe 15 Oktoba, saa tatu asubuhi. Wewe utakaa mbele yake. Mimi nitasimama nyuma ya mlango, kama alivyoagiza.

Tunu